Mzunguko na Mapigo katika Kuchomelea Alumini
Alumini ni metali yenye hila. Yenyewe huyeyuka kwa joto la nyuzi 660 za sentigredi, lakini utando wa oksidi uifunikao hauyeyuki mpaka zipite 2,000. Mchomeleaji asiyeuondoa utando huo hutoboa bamba kabla ya kuliunga. Kwa hiyo ashikaye elektrodi ya tangsteni hutumia mkondo geu: nusu moja ya mzunguko huvunja utando, nusu ya pili huzamisha joto, na gesi ya agoni hukinga metali iliyoyeyuka isiguswe na hewa.

Mashine za zamani zilifungwa na umeme wa gridi, mizunguko 50 au 60 kwa sekunde. Za leo hupandishwa hadi 120, hata 200 na zaidi. Hapo mwali hukonda, ukaingia katika pembe ya maungio bila ya kutangatanga. Mtu asidhani kuwa namba kubwa ni bora daima: bamba nene hupenda mwali mpana.

Mapigo ni jambo jingine, ingawa wengi huyachanganya na mizunguko. Hayo huupandisha mkondo na kuushusha. Ukipanda, metali huyeyuka; ukishuka, hupoa kidogo. Katika bamba la milimita moja, pumziko hilo fupi ndilo liletalo tofauti baina ya mshono na tundu.