Kutoka Mwenyeheri Hadi Mpumbavu

Katika Kiingereza kuna kivumishi kifupi ambacho watoto wetu hukijua tangu shule ya msingi: silly. Leo maana yake ni mpumbavu, mtu wa mambo ya kipuuzi. Mwalimu hukitumia kukemea, rafiki hukitumia kutania. Lakini zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, katika Kiingereza cha Kale, neno hilo lilikuwa gesælig, na aliyeitwa hivyo alikuwa mtu wa heri: mwenye furaha, mwenye bahati, aliyebarikiwa. Nimelitafakari kwa muda mrefu, kwa sababu historia yake inanionyesha jambo ambalo binadamu hulitenda popote alipo, mara nyingi bila kukusudia. Humshusha mtu mwema hatua kwa hatua, mpaka wema wake uhesabiwe kuwa upungufu wa akili.

Tuanze na tahajia, maana nayo ina habari zake. Sisi tuliozoea Kiswahili, kinachoandikwa karibu sawa na kinavyotamkwa, hujiuliza kwa nini l ziwe mbili ilhali sikio linasikia moja. Kazi ya l ya pili ni kuonyesha kwamba irabu iliyotangulia ni fupi. Ukiandika moja, msomaji ataelekea kuisoma irabu hiyo "ai", kama inavyosomwa katika wily, neno lenye l moja ambalo maana yake ni mjanja mwenye hila. Nayo y ya mwisho ni mabaki ya -ig ya kale, ileile iliyokuwa mwishoni mwa halig, neno ambalo leo ni holy, yaani takatifu. Katika Enzi za Kati neno letu liliandikwa sely au seely, kwa irabu ndefu. Irabu ikafupika, na silly ikashika nafasi.

Maana ilibadilika polepole zaidi, na kila hatua ilionekana kuwa na mantiki yake. Aliyebarikiwa ni mcha Mungu. Mcha Mungu hana hila, basi neno likawa la mtu asiye na hatia. Asiye na hila huonewa kirahisi, basi likawa la mtu wa kuhurumiwa. Anayehurumiwa ni mnyonge, basi likawa la asiye na nguvu. Katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo The Two Gentlemen of Verona, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1623, Valentine anakubali kuwaongoza majambazi wa msituni kwa sharti kwamba wasiwadhuru wanawake wala wasafiri maskini. Kivumishi alichowapa wanawake hao ni silly, na hakuwatukana. Alimaanisha kwamba hawana wa kuwatetea. Lakini kufikia wakati huo hatua ya mwisho ilikuwa imeshaanza. Unyonge wa mwili ukageuzwa unyonge wa akili, na mwenyeheri akawa mpumbavu.

Katika ngazi hiyo yote, hatua inayonigusa zaidi ni ile ya huruma. Chuki haikuhusika hata kidogo. Watu walimwonea mwema huruma, na ndani ya huruma hiyo tayari walikuwa wamekubali kwamba wema ni hasara. Sisi nasi tuna msemo wetu: "Maskini ya Mungu." Tunamwambia mtu aliyedhulumiwa kwa sababu aliamini neno la mwenzake, aliyekopesha bila maandishi, aliyerudisha pochi aliyoiokota akaambulia kusimangwa. Tunautamka kwa upole na kichwa tunatikisa. Lakini mara nyingi kinachofuata ni sentensi nyingine: "Naye kazidi." Hapo tumeshapanda ngazi ileile waliyoipanda Waingereza, na mwenye kosa, yule aliyedhulumu, ametoka kabisa katika mazungumzo yetu.

Hata hivyo haikuwa lazima neno hili lianguke. Ndugu yake wa Kijerumani, selig, ametoka shina lilelile na hadi leo maana yake ni mwenye heri. Ndilo neno ambalo Wakatoliki wa Ujerumani hulitumia kwa Mkristo aliyetangazwa mwenyeheri na Kanisa. Miongoni mwa wanaoitwa hivyo yumo Anuarite Nengapeta wa Kongo, mtawa wa shirika lenye jina la Kiswahili, Jamaa Takatifu. Aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, kwa kukataa kuvunja nadhiri yake ya usafi, na alimsamehe muuaji wake kabla ya kukata roho. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenyeheri jijini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Mwanamke asiye na silaha mbele ya mwenye silaha: kwa kipimo cha nguvu alishindwa. Waliomwita Mwenyeheri walichagua kipimo kingine, na uchaguzi wa namna hiyo ndio unaoamua maneno yetu yaelekee wapi.

Nakiangalia Kiswahili chetu cha leo kwa wasiwasi. Mjanja, kwa asili, ni mtu wa hila, laghai. Siku hizi ni sifa. Mtoto akipata jibu haraka, tunasema, "Huyu mjanja!" Kijana akiruka foleni, wenzake humpongeza kwa jina hilohilo. Na wakati mjanja anapandishwa cheo, mkweli anaitwa bwege, zuzu, boya. Mtaani kwetu alikuwapo mama mmoja, mweka hazina wa kikoba. Kila shilingi ya wanachama aliiandika, na aliwahi kukataa kata kata kumkopesha jamaa yake mwenyewe nje ya utaratibu. Walimcheka kwamba amekaa juu ya pesa na hajui kuzitumia. Lakini wanachama wale wale waliomcheka walipotakiwa kuchagua upya, walimrudisha. Moyoni walijua fedha zao ziko salama kwa nani. Ulimi tu ndio uliokuwa umeshazoea kumdharau.

Simaanishi kwamba mwema afumbe macho. Yule mama hakuwa mtu wa kudanganywa. Alihesabu, aliuliza, alidai saini. Alikuwa na akili ya kutosha kuwa mjanja, akachagua kutokuwa. Huo ndio wema ninaoutaka kwa watoto wangu: wema unaojua hila zilivyo na bado ukazikataa.

Kwa anayechekwa leo kwa sababu ya uaminifu wake, nasema hivi: jina ulilopewa linaeleza zaidi habari za waliokupa kuliko habari zako. Usiliache likubadilishe. Wema hauozi, walisema wazee, ingawa jina lake laweza kuchafuliwa njiani.

Na kwa sisi tunaotaja majina, tuna kazi ya kufanya. Mwenye duka akimrudishia mtoto wako pesa iliyozidi, usicheke kwamba hajui biashara. Mwambie mtoto kwamba huyu ni mwaminifu. Mwenzako kazini akikataa bahasha, mwite jasiri, na mwite hivyo mbele za watu. Waingereza hawakukaa kikao kumwita mwenyeheri mpumbavu. Lilitendeka katika mazungumzo ya kila siku, mdomo baada ya mdomo, kwa karne nyingi. Hata kumrudishia mtu mwema heshima yake kutaanzia hapo hapo, katika neno tunalomwita leo.