Masomo ya Jioni Kwa Reuben

Nilianza kusomesha Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, mwaka 2003, mwaka ule serikali ilipofuta karo za shule za msingi na shule za umma zikafurika watoto, kiasi kwamba zetu za mabati, zilizojengwa na wananchi kwa akali ya mali waliyokuwa nayo, zikazidi kuwa tegemeo la mzazi anayeishi baina ya viwanda vya Industrial Area na mto Ngong. Nimeshika chaki tangu hapo. Lakini kazi ninayoithamini kuliko zote niliifanya nje ya darasa.

Jumapili, tarehe 15 Machi 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule kwa ajili ya korona, na watoto wengi hawakurudi hadi Januari 2021. Ujira wetu walimu ulikatika, amri ya kutotoka nje usiku ikawekwa, na watoto wakabaki katika nyumba za futi kumi kwa kumi, ambamo kitanda, jiko na pazia ndivyo vinavyogawa vyumba. Masomo yalirushwa na shirika la utangazaji la taifa, KBC, na Ruben FM, redio ya mtaa wetu, nayo ikatoa wasaa kwa walimu. Ila redio haikuwamo katika kila nyumba, na simu, aghalabu, iliondoka alfajiri na mzazi kwenda kibaruani. Basi nikaanza kupita ploti kwa ploti za vyumba vya kupanga, nikiwasaidia wazazi kuwasomesha watoto wao.

Mama mmoja, anayefua nguo za watu katika mtaa wa South B, aliniuliza kwa uchungu, "Mwalimu, mimi nitamfundisha nini huyu, na hata jina langu sijui kuliandika?" Nikamwambia, "Mama, wewe kazi yako ni kuuliza. Kufundisha muachie yeye." Tangu siku hiyo, vyombo vya chakula cha jioni vikishaoshwa, kijana wake alisoma ukurasa mmoja kwa sauti, naye mama, kidole chake kilichochubuliwa na sabuni kikiwa chini ya mstari, alikataa kukisogeza mpaka aelezwe kwa Kiswahili cha nyumbani maana ya yaliyosomwa. Hakuzijua herufi, ilhali alijua sauti ya mwanawe: ilipofifia, alitambua kwamba hapo pana neno asilolielewa, akasema, "Rudia." Sijapata kuona mkaguzi wa elimu aliyesikiliza kwa makini kiasi hicho.

Kwa jirani yake, muuza mandazi, hesabu tuliipata katika daftari la madeni. Binti wa darasa la tano alikabidhiwa kalamu: aandike unga na mafuta ya siku vimegharimu kiasi gani, mandazi mangapi yametoka, nani amekopa na nani amelipa, kisha atafute faida kabla mamaye hajaitaja. Mama aliihesabu kichwani, binti karatasini. Hesabu zao zilipotofautiana, walianza upya pamoja.

Rai yangu kwa mzazi ni kwamba asijaribu kuihamishia nyumbani ratiba nzima ya shule, maana itamchosha na kumkatisha tamaa kabla ya Ijumaa. Nusu saa isiyohamishwa, kila jioni, yatosha kuanzia. Katika ploti moja wapangaji walikubaliana kupunguza sauti za redio zao saa hiyo, na binti wa darasa la nane akawasomea wadogo uani. Lilikuwa jambo jema, maadamu hakugeuzwa yaya wa ploti nzima, kwani naye alikuwa na mtihani wake.

Sijapata kumshauri mzazi amwondoe mtoto shuleni, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka amwandikishe na kuhakikisha anahudhuria. Ninachokililia ni siku zilizo nje ya hiyo shule: likizo za Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, na majuma yale ambayo mtoto wa shule zetu za mabati hurudishwa nyumbani kwa kukosa karo, akazurura ilhali daftari lake limelala chini ya godoro.

Likizo ikifika ningali nazunguka. Mara hii mama yule mfua nguo amenitangulia: amewakusanya kina mama wanne wa ploti yake, nao wasiojua kusoma, anawaonyesha namna ya kuuliza. Mimi nimeombwa nilete vitabu.