Ufundi Ng'ambo ya Kisiwa cha Mvita

Msafiri atokaye kisiwani Mombasa kwa daraja la Nyali hufika upesi Kengeleni, penye njia panda na mnara mdogo wenye kengele. Wapitao hapo ni wengi, na kila mmoja ana haraka yake. Wachache hukumbuka kwamba pande hizi za Kisauni ni miongoni mwa mahali pa kwanza katika pwani ya Kenya ambapo watu walikusanywa ili wafundishwe kazi za mikono.

Mwaka 1875 wamisionari wa CMS walianzisha hapo kijiji cha Freretown, kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Mwezi wa Septemba mwaka huo manowari ya Kiingereza iliteremsha zaidi ya watu 200 kwa mara moja. Hawakuwa na shamba wala ndugu, na chakula cha kupewa hakiwezi kumlisha mtu maisha yake yote. Basi wakatiwa katika kilimo, useremala na uashi. Wengi wa mafundi waliowatangulia walikuwa Waafrika wenzao, waliookolewa zamani wakapelekwa Nasik, katika nchi ya India, wakajifunza ufundi huko kisha wakarejea. Jambo hili lastahili kutajwa zaidi kuliko litajwavyo.

Serikali ilikawia. Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896, ikipita Changamwe kuelekea bara, mafundi wengi waliletwa kutoka India. Mwaka 1924 serikali ilifungua mahali pa kuwafundisha Waafrika ufundi, lakini palikuwa Kabete, karibu na Nairobi. Kwa kijana wa Likoni hiyo ilikuwa safari ya usiku kucha katika gari moshi.

Baadaye kikajengwa chuo kikubwa Tudor, kisiwani, kinachotazamana na Kisauni ng'ambo ya maji. Sultani wa Unguja, Seyyid Khalifa bin Haroub, alitoa pauni 100,000, na Aga Khan akatoa kiasi kicho hicho. Mabohora na serikali nao wakachanga. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Majengo yake yalipendeza, na mafunzo ya umeme na mitambo yalikuwa ya maana, lakini chuo kilikuwa cha Waislamu wa Afrika ya Mashariki. Kijana Mgiriama au Mdigo asiyekuwa wa dini hiyo alikiona kila siku akivua samaki, asiweze kuingia. Mlango ulifunguliwa kwa wote mwaka 1966, miaka mitatu baada ya Uhuru, chuo kilipobadilishwa jina. Mwaka 1972 kikaitwa Mombasa Polytechnic, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa.

Kupanda cheo ni heshima, ila cheo kikipanda, na masharti ya kuingia hupanda. Aliyeishia darasa la nane hana nafasi katika chuo kikuu. Yeye hutazamia vyuo vidogo vya ufundi, ambavyo Katiba ya mwaka 2010 iliviweka mikononi mwa kaunti. Kati ya ngazi hizo mbili ipo Kenya Coast National Polytechnic, katika barabara ya Kisauni, iliyopewa daraja hilo mwaka 2016. Kijana wa Likoni aitakaye huvuka kwa feri, kisha hukipita kisiwa chote kwa matatu, ndipo afike. Nauli ya mwezi si ndogo kwa mzazi mvuvi.

Changamwe mambo ni mengine. Huko bandari ya Kipevu, karakana na kiwanda cha mafuta, kilichosafisha mafuta tangu 1963 hadi 2013, vilikuwa shule kwa namna yake. Mtu aliingia akiwa kibarua, akamtazama fundi, akashika chombo, akawa fundi. Hakupewa karatasi, na kwa kukosa karatasi alilipwa ujira wa kibarua ingawa kazi ilikuwa ya fundi. Mwaka 2024 serikali ilitoa sera ya kuwatambua watu wa namna hii. Mchomelea vyuma aliyejifunzia kazini aweza kwenda mbele ya wapimaji, akachomelea huku wakimtazama, na akifaulu akapewa cheti.