Tulisoma Willy Gamba parselini, na kila mtu akawa na neno lake

Juma lililopita nilisema hewani, kwa kupita tu, kwamba jioni katika parseli yetu tunasoma kitabu cha upelelezi. Sikufikiri neno hilo lingefika mbali. Kesho yake simu ilijaa ujumbe. Wengine waliomba jina la kitabu. Wengine walinikaripia. Msikilizaji mmoja wa Bagira aliandika: "Mwandishi, watu wanalia, na wewe unasoma hadithi za bastola?" Nimeona heri nijibu kwa maandishi, ili hata ndugu waliohama makwao, ambao redio yetu haiwafikii, wapate kusoma. Majina ya watu nayaacha. Wenyewe mnajijua.

Kitabu chenyewe ni Kikosi cha Kisasi cha Elvis Musiba, mwandishi wa Tanzania. Kiliandikwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Mpelelezi wake ni Willy Gamba, yule aliyejulikana tangu Kufa na Kupona cha mwaka 1974, na safari hii kazi inampeleka Kinshasa, enzi za Zaire. Nakala yetu ni ya fundi cherehani, jirani yetu, aliyeinunua Uvira zamani. Jalada lilipotaka kuanguka alilishona kwa uzi mweusi.

Tulianza hivi. Tangu katikati ya Februari 2025, M23 walipoingia Bukavu, watu wa kwetu hufunga mlango mapema. Umeme ukikatika, usiku unakuwa mrefu sana. Parseli yetu ina nyumba nne, na katika moja amepangishwa mama aliyekimbia na watoto wanne kutoka upande wa Kalehe. Watoto wake walikuwa hawalali. Mlango ukigonga kwa upepo, wote wanakaa. Fundi ndiye aliyesema: "Yaya, wewe kazi yako ni sauti. Tusomee kitu, watoto wachoke." Tukakaa barazani kwa taa moja ya sola, nikaanza. Siku ya kwanza tulikuwa watu saba. Siku ya nne hata wa parseli ya juu walishuka na viti vyao.

Neno la kwanza kuleta shida lilikuwa "mpelelezi" lenyewe. Mtoto wa miaka kumi aliniuliza: "Papa, mpelelezi si yule anayepeleka majina ya watu?" Hakuna aliyecheka. Wenzake walikuwa na wapelelezi wa Yoshua waliofundishwa kanisani, wale waliofichwa na Rahabu kule Yeriko, lakini yeye alikuwa na maana nyingine, aliyojifunzia njiani. Ilibidi nisimame kusoma na kueleza kwamba huyu wa kitabu anatafuta nani aliua. Mtoto akafikiri kidogo, kisha akauliza: "Na akishajua, anamwambia nani?" Swali hilo tulilirudia kila siku, kila mmoja kwa namna yake.

Vijana walimpenda Willy mara moja. Anapigana, anapanda ndege, anakaa hoteli kubwa, pesa haimwishii. Mzee mmoja aliyewahi kuishi Kinshasa wakati wa Mobutu alifurahi kusikia mji ule ukitajwa, lakini akasema: "Kinshasa hiyo ya hoteli na baa nilipita mbele yake tu. Mlangoni kulikuwa na mlinzi." Akina mama hawakumpenda sana. Mmoja alihesabu chupa. Kila sura aliniambia: "Tena anakunywa." Mwingine alisema mwanaume anayebadilisha wanawake hivi, akirudi nyumbani atamletea nani amani? Kijana mmoja akajibu kwamba hiyo ndiyo raha ya kazi hatari. Wakabishana mpaka chai ikapoa.

Aliyemaliza ubishi ule ni jirani ambaye kwa kawaida hasemi. Zamani alikuwa OPJ, afisa wa polisi wa kuandika mashitaka na kufanya uchunguzi, kwenye ofisi moja ambayo hakutaka tuitaje. Alisema: "Huyu wa kitabu wanamtuma kwa ndege. Mimi nilikuwa namwomba mama wa marehemu anilipie moto na karatasi ya kuandikia. Nilikuwa naona haya, lakini bila hiyo hakuna dosie." Kisha akasema: "Hiyo pombe naijua. Maiti ya kwanza niliiona asubuhi, jioni nikanywa. Ya pili vilevile. Baadaye sikuhitaji tena maiti ili ninywe. Hakuna mkubwa hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama ninalala."

Nilimjua mtu huyo miaka sita na sikujua jambo hilo. Mke wake naye alikuwa pale barazani, anaangalia chini. Yule mama aliyekuwa anahesabu chupa za Willy hakuhesabu tena.

Tulimaliza kitabu siku ya kumi na moja. Wanaojua Willy Gamba wanajua mtindo wake: risasi ndizo zinazohukumu. Vijana walipiga makofi. Mama wa Kalehe hakupiga. Alingoja watoto wake waingie ndani, akaniambia: "Papa, mbona amewaua kabla hawajasema?"

Nilimwambia walikuwa wabaya. Akasema: "Najua ni wabaya. Lakini aliyekufa hasemi mahali alipoweka watu."

Ndipo akatueleza. Mume wake alirudi shambani kuchimba muhogo, kwa sababu watoto walikuwa na njaa. Mpaka leo hajarudi. Mmoja alimwambia ameonekana kwenye kilima, mwingine akamwambia asimtafute tena. Hakusema anamshuku nani, nami sikumuuliza mbele ya watu. Alisema kitu kimoja tu kuhusu kulipiza kisasi: kwamba hakimsaidii. "Mimi nataka mtu aseme, ni hapa. Nitajua kama nimwombee akiwa hai au niweke kilio."

Usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu swali lake lilikuwa langu pia. Sisi waandishi wa Bukavu tunazo hadithi zetu ambazo mwisho wake haujasomwa. Serge Maheshe wa Redio Okapi alipigwa risasi katika mji huu tarehe 13 Juni 2007. Alikuwa na marafiki wawili, wakapona. Watu hao waliopaswa kuwa mashahidi wakafanywa washitakiwa, na Agosti mwaka huohuo mahakama ya kijeshi ikawahukumu kifo pamoja na wengine. Ni katika rufaa, Mei 2008, ndipo wakaachiliwa. Miezi sita baadaye, tarehe 21 Novemba 2008, Didace Namujimbo wa redio hiyohiyo naye akauawa kwa risasi hapahapa Bukavu. Kesi zilifanyika, karatasi zipo, lakini ukikaa na wenzetu wa kazi, bado wanauliza: nani alituma, na kwa nini?

Na hao walikuwa na redio nyuma yao, na mashirika ya kimataifa yakipiga kelele. Sasa mtu wa shamba la muhogo? Oktoba 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ile ripoti inayoitwa Mapping. Ndani yake kuna matukio 617 ya ukatili mkubwa nchini mwetu, kuanzia 1993 mpaka 2003. Daktari Denis Mukwege wa Panzi, aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018, hachoki kuomba ripoti hiyo ifuatwe na mahakama. Kwa hiyo shida yetu si kwamba hatujui kabisa kilichotokea. Mengi yameandikwa. Tumekosa yule wa sura ya mwisho, anayesimama mbele ya watu na kusema: wewe ulifanya hivi, siku hii, mahali hapa.

Kwa hiyo ninamjibu msikilizaji wa Bagira. Ndiyo, tulisoma hadithi ya bastola wakati watu wanalia. Lakini bila hadithi hiyo, jirani yangu angeendelea kunywa peke yake, na mama yule angeendelea kukaa kimya katikati yetu, sisi tukifikiri amezoea.

Kuna jambo tulilofanya baadaye, nalo ndilo ninalotaka mchukue. Yule OPJ wa zamani alinunua daftari. Akakaa na mama, akamuuliza kama alivyofundishwa: alitoka saa ngapi, siku gani, alivaa nini, alibeba nini, alipita njia ipi, nani alimwona wa mwisho, na huyo alimwona kwa macho au aliambiwa. Alimzuia kila aliposema "watu wanasema". Saa mbili zilipita. Kurasa zilikuwa tatu tu, lakini mama alizishika kama kitambulisho. Mmoja wa watoto alikumbuka rangi ya buti za baba yake. Mama mwenyewe alikuwa ameisahau.

Ndugu mliohama, mnaweza kufanya hivyo popote mlipo, darasani, kanisani, au kwa jamaa aliyewapokea. Andikeni sasa, kabla kumbukumbu haijachanganyika. Tengeni mlichokiona na mlichosikia. Msiandike mnamshuku nani kwenye karatasi inayotembea ovyo, na msipige picha na kuisambaza kwa simu, maana inaweza kuwaletea hatari. Fanyeni nakala mbili, muweke mahali pawili. Siku ya mahakama ikifika, au siku atakapokuja mtu wa kutafuta waliopotea, asikute maneno matupu.

Na kusoma kunaendelea. Mama wa Kalehe aliomba kitabu ambacho mpelelezi "anaongea zaidi ya kupiga". Nimemwahidi Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, kilichochapwa mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ana kiko chake na maswali yake, na ukweli anaupata kwa kusikiliza watu mpaka wajikanyage wenyewe. Bado natafuta nakala. Mwenye nayo hapa Bukavu atupigie simu redioni, tutamrudishia ikiwa nzima, na kama jalada limelegea, fundi ana uzi.