Nani Alibeba Maji?

Kofia ya kanzu yao ndiyo iliwapa Wakapuchini jina, na rangi ya kanzu hiyo ikaipa jina ile kapuchino unayonunua Westlands kwa bei ya pakiti mbili za unga. Ni tawi la Wafransisko lililozaliwa 1528, watu walioapa kutomiliki kitu. Sasa fikiria watu hao wakikabidhiwa jumba la Kijerumani lenye mnara mrefu, mbele kabisa ya bandari ya Dar es Salaam.

Kanisa la Mtakatifu Yosefu lilijengwa na Wabenediktini wa St. Ottilien kuanzia 1897 hadi 1902, Dar ikiwa makao makuu ya koloni la Wajerumani. Askofu wao, Cassian Spiss, aliuawa 1905 akielekea Liwale, Maji Maji ikiwaka. Kisha ikaja Vita Kuu, Wajerumani wakafukuzwa, na mwaka 1921 Wakapuchini kutoka Uswisi wakachukua funguo. Mmoja wao, Edgar Maranta, akawa askofu hapo toka 1930 hadi 1968, akampisha Laurean Rugambwa, kardinali wa kwanza Mwafrika.

Mimi mtoto wa Kibabii nilifika hapo kwa sababu ya kibarua: kuandika maneno ya kuweka chini ya picha za watalii. Ng'ambo ya barabara watu walikuwa wanakimbilia boti ya Zanzibar. Ndani kulikuwa kimya. Nyuma ya altare kuna vioo vya rangi ambavyo picha haivitendei haki, na juu yake sanamu zilizochongwa ukutani. Maandishi ya Kijerumani bado yapo. Waumini wanasali Kiswahili chini yake bila kuyajali, na hilo lilinifurahisha kuliko vioo.

Nikamtumia kukhu picha. Yeye alikulia karibu na misheni ya Kibabii, ya mafadha wa Mill Hill, ambao pia msimamizi wao ni Yosefu. Akiwa msichana alikuwa anabeba maji ya kukorogea udongo wa ujenzi, debe kichwani, kila Jumamosi. Akanijibu kwa sauti: "Kanisa ni safi. Lakini hapo nani alibeba maji?"

Nilisoma Historia chuoni mpaka mwaka wa pili, karo ikakatika. Kuna mtihani tuliulizwa mchango wa wamisionari. Nilipanga maaskofu na miaka yao vizuri, nikapata 17 kwa 20. Swali la kukhu halikuwa kwenye karatasi.

Basi nikazunguka tena, ukuta kwa ukuta, nikitafuta jina hata moja la fundi au kibarua wa Kizaramo. Sikuliona. Na ajabu ni kwamba Fransisko mwenyewe, masimulizi yanasema, alianza hivyo hivyo: aliomba mawe mitaani Assisi, akayabeba kwa mabega yake kukarabati kanisa bovu la San Damiano. Huyo kibarua ana sanamu dunia nzima.

Maneno ya watalii niliyamaliza usiku, yakalipwa. Kisha nikampigia kukhu, nikamwomba anitajie wasichana aliobeba nao maji. Niliandika kumi na moja. Wa kumi na mbili alikumbuka tu kwamba alikuwa na debe lenye tundu, maji yanamchuruzikia mgongoni njia nzima. Jina lake, akasema, atamuuliza dada yake Jumapili baada ya misa.