Nani alikutuma kubatiza?

Mama mdogo ana duka lisilo na mlango. Wateja wake wengi ni watoto wa Lubumbashi wanaoishi Ubelgiji na Ufaransa. Wanachagua unga, sombe, ndagala au gunia la makala kwenye simu, wanalipa kwa kadi ya benki, naye anawapelekea wazazi wao mzigo katika komini za Katuba, Kenya na Ruashi. Duka hilo ndilo linalonilipia masomo tangu mwaka wa kwanza. Likizo iliyopita aliniomba nilihamishe kutoka Shopify hadi WooCommerce, ili apumzike na ada ya dola ya kila mwezi. Sikuweza kukataa. Katika ukoo wetu mimi ndiye ninayehesabiwa kuwa mtu wa kompyuta, ingawa ninachosoma ni lugha za Kiafrika.

Kazi yenyewe ni ya majedwali. Jukwaa la zamani linakutolea faili ambamo kila bidhaa ina mstari wake: jina, maelezo, bei, uzito, picha. Jukwaa jipya linapokea faili ya namna hiyo, ila safu zake zina majina mengine, kwa hiyo unaonyesha safu ipi iingie wapi. Bidhaa zilikuwa 87. Nilipofungua faili mara ya kwanza, kila é ya Kifaransa ilikuwa imegeuka alama mbili za ajabu: «séché» limekuwa «sÃ©chÃ©». Kompyuta ilikuwa imesoma herufi kwa ufunguo usio wake. Maneno ya Kiswahili yalipita salama, maana irabu zetu hazivai alama juu. Nilicheka peke yangu, nikaona na fahari kidogo.

Fahari hiyo ndiyo iliyoniponza. Nikiwa na majina yote mbele ya macho, nilianza kuona makosa. Sombe: kwa Kiswahili Sanifu ni kisamvu. Ndagala: dagaa. Lengalenga: mchicha. Bunga ya bukari: unga wa ugali. Makala: mkaa, kwa kuwa makala, kwa msomaji wa jarida hili, ni maandishi kama haya. Nilisahihisha yote usiku mmoja, kama mwalimu mwenye kalamu nyekundu. Nikaingiza faili, nikaielekeza anwani ya tovuti kwenye duka jipya, nikalala.

Wiki ile yaliingia maagizo matatu tu. Sababu zilikuwa mbili, na zote ni za majina. Ya kwanza ni anwani za kurasa. Jukwaa la zamani huziandika kwa «/products/», wingi wa Kiingereza. Jipya, likiwekwa katika Kifaransa, huandika «/produit/», umoja. Viungo vyote ambavyo mama mdogo alikuwa amewatumia wateja kwa WhatsApp kwa miaka minne vilifika mahali patupu. Ya pili ni utafutaji. Mteja aliandika «sombe», duka likajibu kwamba hakuna kitu, na huku picha ya sombe imo humo humo, imevishwa jina la kisamvu. Utafutaji wa duka husoma jina na maelezo, haujui visawe.

Binti mmoja aliyeko Liège alidhani tumefunga. Mama yake, Katuba, alikaa siku nne bila unga.

Mama mdogo aliniita jikoni.

«Mwana, kisamvu njo nini?»

Nilimweleza habari za usanifishaji, za kamusi, za Afrika Mashariki. Alinisikiliza hadi mwisho.

«Nani alikutuma kubatiza bintu yangu?»

Sikuwa na jibu. Kila mwaka ninaandika kwenye mitihani kwamba lahaja si lugha iliyoharibika, kwamba ina sarufi yake kamili. Kazi yangu juu ya viambishi ka- na tu- katika Kiswahili cha mji huu ilipata alama nzuri. Lakini siku niliyopewa mamlaka madogo, jedwali la mistari 87, nilitenda kinyume cha yote niliyoandika, tena bila mtu kuniamuru.

Tulikaa meza moja siku mbili. Majina tuliyarudisha. Kisha tukaandika jedwali jingine: kushoto anwani ya zamani, kulia ile mpya, kama tunavyopanga mifuatano ya sauti katika isimu historia. Likaingizwa kuwa maelekezo ya kudumu, yale yenye namba 301, ambayo huiambia mashine kwamba ukurasa umehama, haukufa. Ndani ya maelezo ya sombe tukaongeza pondu, kwa ajili ya watu wa Kinshasa, kisha kisamvu, kisha «feuilles de manioc». Neno sanifu halikufukuzwa. Lilipewa kiti cha mgeni. Nywila za wateja hazikuwezekana kuhamishwa, hivyo mama mdogo aliwatumia ujumbe wa sauti mmoja mmoja waweke mpya.

Siku hizo nilimkumbuka André Yav, ambaye mwaka 1965 aliandika historia ya mji huu, «Vocabulaire de ville de Elisabethville», kwa Kiswahili kama kinavyosemwa hapa. Darasani tunakishika kitabu hicho kwa heshima. Lau mtu mwenye kalamu kama yangu angekisafisha kabla hakijatufikia, tungebaki na habari zake, lakini sauti ya waliosimulia tungeikosa.

Maagizo yalirudi polepole. Jumamosi iliyopita liliingia moja la makala, magunia mawili, kwenda Katuba. Mama mdogo alilisoma kwa sauti, neno kwa neno, akaniangalia, kisha akatoka kwenda kupakia.