Kompyuta ya gemu kwa shilingi elfu 45, kati ya Busia na Malaba

Leo naweka kando mambo ya programu, tuzungumze vyuma. Mwezi uliopita nilipewa kazi isiyonilipa hata ndururu lakini iliyoninyima usingizi kuliko kazi ya mteja yeyote: kuchagua vipuri vya kompyuta ya kuchezea gemu, bajeti shilingi elfu 45 za Kenya, bila nyongeza. Fedha zenyewe si zangu. Ni mkopo ambao senje yangu amechukua kwenye chama chao pale Malaba, na marejesho yanaanza mwezi ujao, mashine iwe hai au iwe imekufa.

Senje anauza maharagwe na mahindi. Mwanawe alimaliza kidato cha nne, akakosa karo ya chuo, na tangu hapo anashinda stejini akisaidia kupakia mizigo. Wamepata chumba cha mabati si mbali na barabara ambako malori hupanga foleni kuelekea Uganda. Mpango ni huu: jioni vijana wacheze mpira wa kwenye skrini, mechi moja shilingi 20, anayefungwa ndiye analipa. Mchana mashine hiyo hiyo ichape fomu za watu na kufungua eCitizen. Ndiyo maana hawakutaka PlayStation. PlayStation haichapi fomu.

Binamu yangu alikuja Busia na orodha yake tayari kwenye simu. Kasha la kioo lenye taa za rangi saba, prosesa mpya, na kadi ya michoro aina ya Radeon RX 580 aliyokuwa ameiona ng'ambo, Busia ya Uganda, kwa shilingi laki tatu za kule. Gawanya kwa 28 hivi upate za Kenya: chini kidogo ya elfu 11. "Kaka, hii kadi Nairobi huipati kwa bei hiyo," akaniambia. Sikubishana naye. Nilimuuliza swali moja tu: ikifa Jumanne, Jumatano unaipeleka kwa nani?

Hapo ndipo penye shina la mambo kwetu sisi watu wa mpakani. Makala nyingi za kuchagua vipuri zimeandikwa na watu walioko Marekani au Uingereza, ambako kipuri kibovu unakirudisha kwa posta na kuletewa kingine. Wao wanalinganisha fremu kwa sekunde na dola. Mimi nimeongeza safu ya tatu kwenye jedwali langu: kukirudisha kunagharimu nini. Ukiiweka safu hiyo, orodha nzima inajipanga upya.

Senje, ambaye hajui kadi ya michoro ni nini lakini anaujua mpaka kuliko mimi, aliuliza swali zuri sana. "Mwanangu, si tuivushe kwa kile cheti ninachovushia maharagwe?" Anasema ule utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa wafanyabiashara wadogo: shehena isiyozidi dola 2,000 unajaziwa cheti cha asili pale pale mpakani na hulipi ushuru wa forodha. Tatizo ni kwamba cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Maharagwe ya Tororo yana asili ya hapa. Kadi iliyotengenezwa China haina, hata ikiwa imekaa Kampala miaka mitatu. Cha kuchekesha ni kwamba ushuru wa forodha wenyewe kwa kompyuta, katika viwango vya pamoja vya Jumuiya, ni asilimia sifuri. Kinachouma ni VAT, asilimia 16 huku na 18 kule, pamoja na ada nyingine ndogo ndogo. Kwa hiyo kipuri ulichonunua dukani Uganda tayari kina VAT ya kule ndani ya bei, na ukikiingiza Kenya kwa njia halali kinadaiwa tena ya huku. Vijana wengi hutia kadi kwenye begi na kupita nayo. Sikutaka mradi wa senje uanze hivyo, na kingine ni kwamba ikiharibika utapita nayo tena kuirudisha, halafu tena kuja nayo.

Ukifikiria safari ya kadi yenyewe utacheka. Kontena linateremshwa Mombasa, linapigwa lakiri ya kielektroniki, linapita hapa Malaba mbele ya macho yetu, linafunguliwa Kampala zaidi ya kilomita 200 mbele, kisha kadi moja inarudi hadi Busia ya Uganda ndani ya matatu. Nasi tunavuka barabara kwenda kuinunua! Lakini ndiyo desturi ya mji huu. Neno boda boda lenyewe lilianzia hapa, kwa wale wa baiskeli waliokuwa wakivusha watu toka kituo cha mpaka kimoja hadi kingine. Siku hizi vituo vimeunganishwa. Tangu kile cha pamoja kilipozinduliwa rasmi Februari 2018, unasimama mara moja tu, upande unaoingia.

Tulivuka hata hivyo, maana binamu yangu angeninung'unikia maisha yake yote. Nilibeba flashi yenye GPU-Z, programu ndogo ya bure inayosoma kadi na kukwambia ukweli wake. RX 580 ilikuwepo kweli, na ilifanya kazi. Lakini ilikuwa ile ya 2048SP, iliyotolewa kwa soko la China mwaka 2018: jina la 580, ndani ni sawa na RX 570, chembe 2,048 badala ya 2,304. Huo si wizi, ni jina la kupotosha tu. Sitiki ya feni zake ilikuwa imegeuka manjano kwa joto, jambo lililonifanya nifikirie wachimbaji wa sarafu za mtandaoni. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za michoro, na kadi zilizokuwa zikiwaka usiku na mchana zikamwagika sokoni dunia nzima. Kadi ya namna hiyo inaweza kuishi miaka mingine mitano. Inaweza pia kufa kabla marejesho ya kwanza hayajalipwa.

Duka la pili ndilo lililomnyamazisha binamu yangu. "GTX 1050 Ti, original," shilingi laki mbili na elfu 20 za Uganda. Nikaigeuza nyuma: ina tundu la VGA, lile la bluu. Kadi za kizazi hicho, kilichotoka mwaka 2016, ziliacha mawimbi ya analogi, hivyo tundu la bluu ni sababu tosha ya kutilia shaka. Tukaichomeka, nikafungua GPU-Z. Mbele ya jina ikaandika FAKE kwa mabano, na chembe 192. Ya kweli ina 768. Mtu fulani alichukua kadi ya mwaka 2010 au 2011, akaiandika upya BIOS yake ili ijitambulishe kwa jina kubwa. Muuzaji hakukasirika wala kuona haya. Alisema imemfikia hivyo hivyo, na nadhani alisema kweli. Lakini hilo halirudishi fedha za mtu.

Haya, turudi upande wetu, kwenye msingi wa mashine. Kwa elfu 45 usiote prosesa mpya. Njia ya maskini mwenye akili ni kununua kompyuta ya ofisi iliyostaafu, zile zinazoitwa ex-UK, kisha kuitia kadi ya michoro. Kwenye rafu palikuwa na Dell OptiPlex 7010 yenye Core i5-3470 ya mwaka 2012, na pembeni yake 9020 yenye i5-4570 ya mwaka uliofuata, tofauti ya shilingi elfu mbili na mia tano. Ukiangalia prosesa peke yake, unachukua 9020 bila kufikiri. Kizazi cha nne kina maagizo ya AVX2, na gemu kadhaa za siku hizi hugoma kuwaka bila hayo.

Nilichukua 7010. Sababu yangu iko kwenye pawa saplai. Mazabodi ya 7010 hii ya umbo la mnara inatumia plagi ya kawaida ya pini 24. Ikiungua, fundi yeyote wa Malaba anang'oa nyingine kwenye mkebe uliokufa na kuichomeka. Ile ya 9020 ina plagi ya pini 8 ya Dell wenyewe, na HP EliteDesk 800 G1 iliyokuwa rafu ya chini ina yake ya pini 6. Hizo zikifa usiku wa Ijumaa, unasubiri kipuri au waya wa kugeuzia utoke Nairobi, Luthuli Avenue, kwa basi. Siku tatu za chumba kilichofungwa. Na stima ya kwetu mnaijua. Inakatika, inarudi kwa kishindo, na kinachopokea kishindo hicho kwanza ni pawa saplai. Prosesa zinazokufa nimeziona chache mno. Pawa saplai nimezika nyingi.

Mnara pia, si lile umbo dogo la kulaza. Kasha dogo linataka kadi za kimo kifupi, ambazo ni chache na ghali zaidi.

Kadi sasa. Pawa saplai ya 7010 ni wati 275. Prosesa kiwango chake ni wati 77. Tundu la kadi kwenye mazabodi linatoa hadi wati 75, basi. RX 580 inataka wati 185 na plagi ya ziada ambayo Dell hii haina. Kuna waya unauzwa shilingi mia mbili wa kuvuta umeme kutoka plagi za diski, na wapo wanaoutumia. Plagi ile haikuundwa kwa mzigo huo, na chumba ni cha mabati na mbao, kina watoto wa watu ndani. Hilo sikulijadili mara mbili.

Kwa hiyo GTX 1650, ya mwaka 2019, kiwango cha wati 75, chembe 896, kumbukumbu GB 4. Angalieni lakini: baadhi ya kampuni ziliitoa 1650 ikiwa na plagi ya pini 6. Sisi tulitaka isiyo na plagi kabisa. Tulipata moja iliyotumika, duka la Busia upande wa Kenya, shilingi 15,500. Ni karibu elfu tano zaidi ya ile RX 580, na tukizungumzia kasi tupu haiishindi. Lakini muuzaji aliandika risiti, akaandika miezi mitatu, akapiga muhuri, na kutoka Malaba ni matatu moja kupitia Adungosi na Alupe. Tulikaa pale dukani dakika ishirini tukiipa mzigo mzito huku nikitazama joto lake. Hakuudhika. Muuzaji anayeudhika ukimwambia unataka kupima, muage kwa heshima.

Mengine yalikwenda haraka. Mkebe wenyewe 11,000, ukiwa na ramu GB 8 za vijiti viwili (viwili ni bora kuliko kimoja cha 8, prosesa inasoma njia mbili kwa wakati mmoja) na diski ya zamani ya GB 500. SSD ya GB 480, 4,500. Padi mbili za kuchezea, 2,400. UPS ndogo 6,000, na hii binamu yangu aliipinga kuliko vyote kwa kuwa haionekani kwenye gemu. Nauli na dawa ya joto ya prosesa, 600. Televisheni ni ya senje mwenyewe, inchi 32. Jumla elfu 40. Elfu tano zilizobaki senje alizifunga kwenye leso na kusema si za taa za rangi.

Gemu je? GTA V ilipotoka kwenye kompyuta Aprili 2015, waundaji wake walipendekeza i5-3470, prosesa hii hii, na ramu GB 8. Kwa mipangilio ya wastani inatupa fremu 55 hadi 60 kwa sekunde. PES 2017 inateleza tu, na kwa vijana wa foleni ya malori hiyo ndiyo biashara. Mpira mpya wa kila mwaka sitawaahidi.

Windows nayo ilinipa kazi. Prosesa hii haikubaliwi rasmi na Windows 11, na Windows 10 iliondolewa kwenye matunzo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Nikagawa: SSD ina Windows 10 kwa gemu peke yake, ile diski ya GB 500 nikaitia Linux kwa kazi ya mchana. Nywila ya eCitizen ya dereva wa watu haiandikwi upande wa gemu hata siku moja. Binamu yangu amejifunza kuchagua diski wakati wa kuwaka, na ameanza kuniuliza maswali kuhusu Linux ambayo sikuyatarajia.

Kilichobaki ni joto. Saa nane mchana chini ya mabati kadi ilifika nyuzi 79, na mkebe ulikuwa umebanwa ukutani. Tumeusogeza, Jumamosi fundi anakata dirisha upande wa pili. Nilipiga hesabu ya tokeni pia: mashine na televisheni kwa pamoja kama wati 200, saa kumi kwa siku ni uniti mbili, na kwa shilingi 30 kwa uniti hiyo ni 60. Mechi tatu. Senje aliposikia hesabu hiyo alinyamaza kidogo, kisha akauliza marejesho ya chama ni mechi ngapi. Ni 240 kwa mwezi, na bado tunasubiri kibali cha kaunti.